Somo: Mpe kasuku kazi, upate raha ya kuishi naye

Somo hili ni la aliye na kasuku nyumbani, au aliye karibu kumpata, akiishi Lamu, Shela, Malindi au vijiji vya katikati. Vipimo vingi ni vya kasuku wa kijivu. Wenye lavubadi (lovebird) na kasuku wadogo wengine wafuate hatua zile zile, wapunguze vipimo.

Tushike jambo moja kabla ya mengine. Porini kasuku hutumia sehemu kubwa ya siku akitafuta riziki: anaruka mbali, anakwea matawi kwa mdomo na miguu, anabangua kokwa, anaonja, anatupa. Nyumbani anamiminiwa bakuli la alizeti, analimaliza kwa dakika 10, kisha anakaa hadi magharibi hana la kufanya. Mdomo ule umeumbwa kupasua, na lazima upasue kitu: mlango, mkeka, au manyoya yake mwenyewe. Ukimwona ndege wako mkorofi, jiulize kwanza leo umempa kazi gani.

Hatua ya 1: Kibali

Kasuku wa kijivu (Psittacus erithacus) yuko katika Jedwali la Kwanza la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya pori, tangu mwaka 2017, na Kenya huruhusiwi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Porini nchini mwetu wamebaki wachache mno, huko msitu wa Kakamega. Ukiletewa ndege kwenye kapu bila karatasi, usinunue hata ukimhurumia, maana pesa yako ndiyo inayomtuma mtu akakamate mwingine. Na wale kasuku wa kichwa cha kahawia wanaopita wakipiga kelele kwenye minazi na kando ya Arabuko-Sokoke, hao waacheni huko huko.

Hatua ya 2: Nyumba

Anza na hewa. Mapafu ya kasuku yameungana na mifuko ya hewa iliyoenea mwilini, kwa hivyo moshi unaomkohoza mtu unaweza kumuua yeye. Chetezo cha udi na ubani, jiko la makaa, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza: vyote viwe mbali na chumba chake. Kibaya zaidi ni kikaango kisichogandisha chakula. Kikisahauliwa motoni kikapata moto kupita kiasi hutoa gesi usiyoinusa, na ndege hufa kwa dakika chache. Tundu halikai jikoni, basi.

Kisha pita nyumbani ukiangalia kwa jicho la ndege. Birika la maji la chooni lifunikwe, maana akitumbukia hana pa kushika. Feni ya dari izimwe kabla hujafungua tundu, wala usisubiri atoke kwanza. Kwenye nyumba za wavuvi angalia chubwi, vile vizito vya kuvulia: ni madini ya risasi, ni laini, zinampendeza kutafuna, na kipande kidogo tu kinatosha kumpa sumu. Ndege aliyekula risasi hulegea, hutapika, kinyesi hubadilika rangi, huenda akapata kifafa. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Paka wa Lamu hawahitaji maelezo. Darini, juu ya paa, kuna kunguru pia, na kunguru wakiwa wengi huweza kumshambulia hata aliye ndani ya tundu kwa kumchokora kupitia nondo. Usimwache juu peke yake.

Hatua ya 3: Tundu

Kwa kasuku wa kijivu, upana sm 90, kina sm 60, kimo sm 120, hicho ndicho kiwango cha chini. Nafasi kati ya nondo iwe sm 2 hadi 2.5, kwa lavubadi isizidi sm 1.25, la sivyo atapenyeza kichwa kikwame. Mwambie fundi asitumie waya mpya wenye zinki. Ndege huubandua ule utando mweupe kwa mdomo, akaumeza, na zinki ni sumu kwake. Kama waya huo ndio ulio nao, usugue kwa siki na brashi ngumu, usuuze sana, uanike. Hatari inapungua, haiishi. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini kwa hewa yetu ya bahari kinadumu.

Vijiti vya kukalia viwe matawi ya mpera au mvinje, unene wa sm 2.5 hadi 4, visilingane. Yakwaruze, yaoshe, yaanike juani siku 2. Vile vijiti vilaini vya duka vilivyolingana humkandamiza mguu mahali pamoja kila siku hadi nyayo ikatoka vidonda.

Mahali pazuri ni ukumbi unaotazama kiwanda, yaani ua wa ndani: mwanga upo, kivuli kipo, watu anawaona. Upande mmoja wa tundu uegemee ukuta ili apate pa kujificha, na upepo wa kusi usimpige moja kwa moja. Usiku anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu, mbali na televisheni. Mlango utie kufuli ndogo, maana komeo la kawaida atalifungua.

Hatua ya 4: Chakula

Alizeti tupu humdhoofisha: ina mafuta mengi, haina vitamini A wala kalisi (calcium) ya kutosha. Kasuku wa kijivu hasa hupungukiwa kalisi hadi akatetemeka na kuanguka. Asubuhi mpe kiasi cha nusu kikombe cha mchanganyiko: mchicha au sukuma wiki, karoti, boga, pilipili (ukali hausikii, zile mbegu anazipenda sana), na kunde zilizochemshwa bila chumvi. Choroko zilizochipua ni bora: loweka usiku kucha, suuza, acha kwenye chujio siku nzima ukisuuza kila saa chache. Kwa joto letu zikinuka uchachu, tupa. Tunda, papai au embe, liwe kipande tu. Alizeti iwe kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hiyo isiwekwe bakulini; ndiyo mshahara wake, tutaona hapa chini.

Kalisi imejaa ufuoni. Ule mfupa mweupe, mwepesi, wa dome uokote, uloweke kwenye maji baridi siku 3 ukibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke, uchemshe, uanike mpaka ukauke kabisa, uufunge tunduni upande laini ukimwelekea.

Asipewe parachichi, chokoleti, kahawa, chai, kitunguu, pombe wala chochote cha chumvi. Maji yawe ya kunywa. Yale ya kisima yenye magadi na chumvi hayafai. Njugu zilizokaa kwenye unyevu hupata kuvu yenye sumu inayoharibu ini. Kama huna uhakika nazo, ziache.

Usimbadilishie chakula kwa siku moja. Chukua wiki 4 hadi 6, mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni kabla hajala. Wengi wana gramu 400 hadi 500. Akipungua asilimia 10, rudi nyuma na muone daktari.

Hatua ya 5: Kazi

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kile kijiko cha alizeti kigawe sehemu 4, kila sehemu aipate kwa kuitafuta.

Siku 3 za mwanzo, funga mbegu 3 ndani ya karatasi isiyo na wino, legelege, akikuona. Siku ya 4 kaza mkunjo. Wiki ya pili chukua kifuu kizima chenye tundu la sm 3, kisugue ndani, toboa mashimo mawili ya kamba, jaza makumbi, chomeka mbegu 5 katikati. Wiki ya tatu suka mpira wa ukili usiotiwa rangi, ufiche kipande cha karoti ndani.

Mtazame anapopewa kifuu kwa mara ya kwanza. Ananyoosha shingo, anakigusa kwa ncha ya mdomo, anarudi nyuma. Anakigusa tena. Kisha anakivuta kwa mguu mmoja, anakigeuza polepole, anaingiza ule ulimi mweusi, mnene, tunduni, anatulia kana kwamba anasikiliza. Halafu anaanza kunyofoa makumbi uzi mmoja mmoja na kuuangusha chini. Kazi hiyo inaweza kumchukua saa nzima, na saa hiyo hapigi kelele.

Wengi hukosea kwa kuanza na gumu. Ndege asiyejua kama kuna mbegu ndani hatapasua, na wewe utasema hapendi kucheza. Kosa la pili ni kutundika kitu kipya tunduni ghafla. Kasuku wa kijivu ni mwoga wa mapya: kiweke mkekani mita 2 kutoka kwake siku 2 au 3, ukichezee wewe mwenyewe akikuona, ndipo ukisogeze. Na kila jioni kagua kamba. Nyuzi zilizotanzuka humfunga kidole hadi damu isipite, zikate.

Akiwa na mchezo wa kuangusha vijiko ili uokote, mpe sufuria chini yake na vitu 5 vya kudondosha. Anapenda ule mlio na anapenda kukuona ukiinama. Hakuna ubaya, ila mlio wa sufuria hauchoki na mgongo wako unachoka.

Hatua ya 6: Kupanda mkononi

Dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku, kabla hajashiba. Kwanza piga kidoko, mpe mbegu. Rudia mara 20 mpaka akisikia kidoko anageuka. Sasa muoneshe kijiti. Akikigusa kwa mdomo, kidoko, mbegu. Kijiti kikisogea naye anafuata. Mwishowe weka mkono kati yake na kijiti, juu kidogo ya miguu, useme "Panda". Mkono usitetemeke: ataujaribu kwa mdomo kabla ya kukanyaga, kama anavyojaribu tawi. Ukiuvuta hapo, umemfundisha kwamba mdomo unafukuza mikono.

Mboni zikipanuka na kufinyika haraka, manyoya ya kisogo yakisimama na mkia ukifunguka, acha, anakaribia kuuma. Akisaga mdomo taratibu, mguu mmoja juu, anataka kulala.

Maswali ya wenye kasuku

*Langoni, Lamu: Mwalimu, huyu wetu kila magharibi anapiga mayowe hadi majirani wanalalamika. Tukimkemea anazidi.*

Kasuku huitana wakati wa kuchwa na wa kucha, kwa hivyo dakika 10 hadi 15 za kelele ni haki yake. Kinachozidisha ni kule kumkemea, maana kwake hilo ni jibu. Chagua mluzi mmoja, umpigie kabla hajaanza, na uitikie akipiga mluzi huo. Mayowe msiyaitikie, wala msimtazame. Na saa 11 jioni mpe kifuu. Wiki 2 za mwanzo huenda akazidisha. Msivunjike moyo hapo.

*Shela: Anasema "Ndoo!" (yaani njoo) na "Hodi!" vizuri sana, lakini "Karibu" hataki kabisa. Kwa nini?*

Kwa sababu akisema "Hodi" nyumba nzima inaitikia na kucheka, dada. Neno linaloleta jambo ndilo analolishika. Mfanyeni "Karibu" nalo lilete jambo: mmoja atoke, abishe hodi, mwingine aitikie "Karibu" kwa furaha na apewe kipande cha embe mbele yake. Wataalamu hutumia njia hiyo ya watu wawili. Kasuku Alex, aliyefundishwa Marekani na Irene Pepperberg hadi alipokufa mwaka 2007, alijifunza hivyo majina ya rangi na maumbo.

*Malindi mjini: Ananitapikia mkononi akitikisa kichwa. Ni ugonjwa?*

Kama anatikisa kichwa juu chini, mboni zinacheza, na anakutapikia wewe tu, anakulisha kama mwenzi wake. Usimwadhibu, mrudishe kijitini taratibu. Kisha mpapase kichwani na shingoni tu. Kumpapasa mgongo na chini ya mbawa humtia ashiki, na hapo ndipo huanza kuuma wengine wa nyumbani. Ndege anayetapika bila mpangilio, manyoya ya kichwa yamelowa na kuganda, huyo ni mgonjwa.

*Mkomani: Paka alimgusa kidogo tu jana. Sioni jeraha, anakula. Tumwangalie?*

La, Bi, msingoje. Mate na kucha za paka hubeba bakteria wanaoweza kumuua ndege kwa siku 1 au 2, hata kwa kidonda kisichoonekana chini ya manyoya. Anahitaji dawa ya daktari leo. Mkiwa njiani, mtieni kwenye kasha lenye giza na matundu ya hewa.

*Watamu: Anajing'oa manyoya kifuani. Nimempaka mafuta ya nazi.*

Acha mafuta, ndugu. Yanagandisha manyoya hadi yashindwe kumhifadhia joto. Kwanza daktari aangalie ugonjwa. Kisha chunguza moshi, usingizi, chakula cha alizeti tupu na ukosefu wa kazi. Mnyunyizie maji baridi masafi mara 3 kwa wiki, asubuhi, akauke kabla ya jioni. Manyoya yaliyong'olewa mara nyingi mahali pamoja huenda yasirudi, kwa hivyo usichelewe.

*Shela: Ametoroka, yuko juu ya mnazi wa jirani tangu saa 8. Tumrushie maji?*

Msimrushie kitu, wala asipande mtu. Akitishika atahama mti. Wekeni tundu darini penye uwazi, mlango wazi, chakula akipendacho kionekane. Yule anayempenda zaidi akae karibu, ale mbele yake, apige ule mluzi wa kila siku. Wengi hawashuki kwa sababu hawajazoea kuruka kwenda chini, kwa hivyo mwiteni kutoka mahali palipo juu karibu sawa naye. Kiza kikiingia atalala pale pale. Mjueni ni tawi lipi, na muwe darini kabla ya alfajiri, akiamka na njaa. Akija, msimrukie. Nyoosheni mkono kama siku zote, semeni "Panda".