Serumu haiko chakula: namna ya kulisha mugonjwa mwenye iko hoi

Hapa Bukavu muntu akilazwa tu, familia inauliza "bamemutia serumu?" na bakisikia ndiyo, roho inatulia sawa vile ameshakula. Jamani. Litre moja ya serumu glukozi 5% (maji ya sukari ya kutia mu mushipa) iko na sukari gramu 50, kalori kama 200 hivi, protini zero. Mugonjwa wa reanimasio (chumba ya bagonjwa mahututi) wa kilo 50 anahitaji protini karibu gramu 65 kwa siku, akikosa mwili inaanza kula misuli yake yenyewe, hata ile ya kukohoa, na mwenye hawezi kukohoa makohozi inabakia mu mapafu, microbe zinajenga nyumba humo. Tumbo nayo ikikaa bure siku nyingi ukuta ya utumbo inalegea, microbe za humo zinapenya mu damu. Njo maana banganga bakiweza banaanza kulisha mu masaa 24 mpaka 48 ya kwanza, kwa mudomo ao kwa sonde ya mu pua (kampira ya kupitisha chakula mpaka mu tumbo).

Sasa wewe mwenye unaleta kitunga, uliza kwanza munganga ameruhusu nini. Kama anameza vizuri, pika uji ya sosoma (unga ya soja, mtama na mahindi), utie unga ya sambaza, ile samaki midogo ya ziwa Kivu (kausha, saga, chekecha, harufu haisikilike sana), ao maharagi ya kuponda. Yai moja ni protini gramu 6 tu, kwa hiyo changanya vitu. Fanta za bageni bakunywe bo wenyewe, sukari ikipanda mu damu infection inapata njia.

Muinue kichwa na kifua, nusu ya kukaa, wakati ya kula na hata saa moja kisha, juu chakula ikirudi inaingia mu mapafu. Hapa njo naona makosa mingi. Mu sonde usitie kitu bila infirmier, uji nzito inaiziba.

Thermos pia: uji ya saa kumi na moja ya asubui, inafunguliwa kila saa, saa kumi ya mangaribi iko vuguvugu na bado banamupa! Leta kidogo, mara mbili, nawa mikono na sabuni.

Kama hakula siku tano ao zaidi usimujaze siku ya kwanza, munganga apange kipimo. Na mwenye hakule kwa mudomo, mumusafishe mudomo kila siku hata hivyo, uchafu ya meno inashukaka mu mapafu.