SOMO: Jinsi ya kuijua ngozi nzuri kabla hujatoa hela yako

Wakuu habari zenu. Naona watu wengi wanalalamika mikanda na pochi zao zinabanduka maganda baada ya muda mfupi wakati lebo imeandikwa kabisa "ngozi halisi". Hiyo lebo inakwambia tu kwamba ngozi imo, haisemi ni tabaka gani, na kwenye ngozi tabaka ndo kila kitu.

HATUA YA 1: jua tabaka
Ngozi ya ng'ombe ni nene, kwa hiyo kiwandani wanaichana kwa mashine wanapata tabaka la juu na la chini. La juu ni ule upande uliokuwa na manyoya, nyuzi zake zimebanana sana, ukishuka chini zinalegea.

Bora kuliko zote ni ya juu ambayo haijapigwa msasa, unakuta bado ina vinyweleo, makovu ya miiba, alama za kupe, mikunjo ya shingoni. Watu wakiona zile alama wanairudisha wanasema ina kasoro, jamani msifanye hivyo, ile ndo ngozi yenyewe! Inayofuata ni ya juu ileile ila imesuguliwa kuondoa makovu ikapakwa rangi nzito, wengine wanaigandamiza kwa chapa ya vinyweleo vya bandia ili ifanane na ya kwanza. Tabaka la chini ndo linatoa swedi nyingi (ile ngozi yenye uso wa manyoya laini kama mahameli), ila pia linapakwa plastiki juu linauzwa kama ngozi laini.

Ya mwisho kabisa ni mabaki yaliyosagwa yakagandishwa kwa gundi na kupakwa plastiki. Hii ndo inayobanduka, kaeni nayo mbali.

HATUA YA 2: angalia ukingo na matundu, uso baadaye
Uso unapakwa rangi, ukingo nao mara nyingi wanaupaka, lakini matundu ya mkanda wengi wanayasahau. Chungulia ndani ya tundu moja kwenye mwanga. Ukiona nyuzinyuzi za aina moja kutoka juu mpaka chini uko salama, ukiona utando mwembamba wa plastiki, katikati kitu kama kadibodi ya kahawia, halafu utando mwingine, rudisha. Kisha bonyeza uso kwa kidole gumba, ngozi nzuri inatoa mikunjo midogo isiyofanana kuzunguka kidole. Angalia na vinyweleo, kama mpangilio uleule unajirudia kila baada ya nafasi fulani basi hiyo ni chapa ya mashine.

Harufu msiitegemee, inapulizwa. Tone la maji nalo linachanganya, maana hata ngozi nzuri ikipakwa rangi nzito hainywi maji.

HATUA YA 3: imesindikwaje
Kusindika ni kuitia dawa ngozi mbichi ili isioze. Sehemu kubwa ya ngozi duniani inasindikwa kwa chumvi za kromu (aina ya madini), kazi ya siku moja hivi, inatoka laini na inavumilia maji. Ya magome ya miti inachukua wiki mpaka miezi, inakuwa ngumu, inashika umbo, na rangi yake inaiva kadri unavyoitumia. Kromu sio mbaya, kwa koti na sehemu ya juu ya kiatu inafaa sana, ila mkanda na soli mimi nachagua ya magome bila kufikiria mara mbili.

HATUA YA 4: mnyama na sehemu
Mbuzi ni nyembamba lakini imara, kondoo ni laini ila inachanika kirahisi. Kwenye ng'ombe chukua ya mgongoni, ya tumboni inavutika. Mkanda uwe na unene wa milimita 3 mpaka 4.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, si bora nichome kwa kiberiti nijue moja kwa moja?
Jibu: Ukiwa na kipande cha kutupa sawa, ngozi itanuka nywele zilizoungua na plastiki itayeyuka. Ila hata tabaka la chini litanuka hivyohivyo, kwa hiyo moto hautakwambia ubora.

Swali: Viatu vyangu vimelowa, nivianike juani vikauke haraka?
Jibu: Hapana dada, vitakakamaa na kupasuka. Jaza karatasi ndani, weka kivulini penye hewa, vikikauka ndo upake mafuta ya ngozi kidogo.

Swali: Sofa langu linabanduka, kuna rangi naweza kupaka?
Jibu: Pole sana kaka. Ile ni plastiki inaachana na kilicho chini yake, rangi yoyote utakayopaka itabanduka nayo. Tafuta fundi abadilishe kava lote, na kabla hajakata mwambie akuonyeshe upande wa nyuma wa hiyo mpya, ukiona kitambaa kilichofumwa sio ngozi.

Swali: Nubaki na swedi si kitu kimoja?
Jibu: Hapana, nubaki ni tabaka la juu lililosuguliwa kidogo usoni, manyoya yake mafupi sana na ni imara zaidi. Swedi manyoya yake marefu na inalegea haraka. Zote mbili usizipake kiwi, tumia brashi kavu.