Kunde kabla ya tungule

Assalaam alaykum wanachama. Kitalu changu cha uani hapa Chake Chake hupigwa na masika mpaka udongo unagandana juu kama sakafu. Mbolea nilitia, maji nilitia. Kilichoukomboa ni kunde, tena si za kula.

1. Masika yakianza kupungua, Mei, kwatua juu juu.

2. Panda kunde za kutambaa, mbegu mbili kila shimo, shibiri moja baina ya mashimo. Za sokoni zinafaa, ila chagua. Zilizobunguliwa wape kuku.

3. Palilia wiki tatu za mwanzo. Baadaye zenyewe zitafunika.

4. Hapa ndipo tunapoharibu. Maua ya mwanzo yakitoka, kata! Ukingoja punje, naitrojeni nyingi, chakula cha mimea, inahamia humo, na ukizipika umeitia chunguni pamoja na tui. Kwanza chimbua shina moja, utazame vinundu vya mizizini, ndivyo vinavyoikamata naitrojeni ya hewani. Kimoja kipasue kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani kama fizi, kinafanya kazi. Mashina mengine yakate kwa mundu usawa wa ardhi, mizizi ibaki.

5. Majani yatandaze hapo hapo. Baada ya wiki mbili tatu, fungua vishimo upandikize miche ya tungule, ambayo ulishaisia kabla ya kukata.

Maswali

Wete: Maalim, nyumbani wananitazama. Hata majani nisichume?
Jibu: Chuma machanga, ya mboga ya siku moja. Na mashina mawili ya ukingoni yaache yazae, upate mbegu. Mimi mwaka wa kwanza nilisema mawili, nikaacha nusu kitalu.

Makunduchi: Kwetu maweni, udongo uko kwenye vishimo tu vya mawe.
Jibu: Panda humo humo. Kunde zitatambaa juu ya mawe. Ukikata, majani yote yarudishe kwenye udongo. Udongo mchache hukauka upesi, kwa hiyo nyinyi mna haja nayo kuliko sisi.

Mkoani: Tungule zangu nazo zina vinundu mizizini. Ndiyo hivyo?
Jibu: La, hiyo ni minyoo fundo. Kinundu cha kunde kimekaa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura, haubanduki. Kunde nazo hushikwa na minyoo hiyo, basi wewe usizipande hapo. Tafuta mbegu za marejea, mmea mwingine wa kurutubisha udongo.