Somo: Kuvunja uchafu wa kikaboni kwenye majitaka kwa plazima

Plazima ni gesi iliyopigwa umeme hadi elektroni zikabanduka kwenye atomu zake. Radi ni plazima. Hapa tunatumia plazima baridi: elektroni zina nguvu nyingi, gesi yenyewe haichomi.

Hatua ya 1: Chuja maji. Tope hula nguvu ya plazima bure.

Hatua ya 2: Panga elektrodi mbili (vipande vya chuma vya kupitishia umeme), na kati yake weka bamba la kioo au kauri, ili umeme usiruke kwa cheche moja nene bali utawanyike kwa vicheche vingi. Mpango huu ni wa zamani. Werner von Siemens aliutumia mwaka 1857 kutengeneza ozoni, gesi ya oksijeni yenye atomu tatu.

Hatua ya 3: Pitisha maji yakiwa utando mwembamba. Wengi hukosea hapa. Mfanyakazi mkuu ni radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli ya maji (OH) kinachoshambulia uchafu kwa ukali. Uwezo wake wa kuoksidisha, yaani kunyakua elektroni za uchafu, ni volti 2.8 (ozoni ni 2.07), lakini hufa kabla ya kusafiri popote. Ukijaza ndoo na kuwasha plazima juu yake, radikali zinaishia usoni pa maji. Chini hufika ozoni na peroksidi ya haidrojeni, ambazo kazi yake ni ya taratibu.

Hatua ya 4: Funika chombo, toa ozoni nje kwa bomba (inaumiza mapafu), kisha washa. Ni kilovolti kadhaa, kwa hiyo mikono mbali!

Hatua ya 5: Pima. Rangi ikipotea usishangilie. Molekuli ya rangi ikikatwa mahali pamoja tu, maji hung'aa na vipande vinabaki humo. Pima jumla ya kaboni ya kikaboni, yaani kaboni yote iliyo ndani ya uchafu huo na vipande vyake. Ikishuka, uchafu umegeuka hewa ya ukaa kweli.

MASWALI

– Mwalimu, mbona maji yangu yamegeuka asidi?
Umetumia hewa ya kawaida. Naitrojeni na oksijeni huungana ndani ya plazima, zikaingia majini kama asidi ya naitriki. Jaribu gesi ya oksijeni au ya agoni (gesi isiyoungana na nyingine).

– Uchafu ule ule, kwenye maji ya kisima unachelewa kuvunjika kuliko kwenye maji yaliyotoneshwa (yaliyochemshwa na mvuke wake kugandishwa kuwa maji). Kwa nini?
Bikabonati, chumvi iliyoyeyuka kwenye maji ya kisima. Inazinyakua radikali kabla hazijaufikia uchafu.

– Si bora ozoni peke yake?
Mara nyingi ndiyo, na umeme utatumia kidogo. Ila kwa PFAS, kemikali za viwandani zenye kaboni na florini zisizooza kirahisi, ozoni karibu haifui dafu, hata haidroksili inashindwa. Huko elektroni za plazima zenyewe ndizo hufungua kazi, na agoni ikipulizwa kwa mapovu huzileta PFAS juu, zikutane na elektroni hizo.