Jumapili kwaya, Jumatatu mizani: namna ya kuishi kile unachokiomba

Nauza maharage na mchele sokoni hapa Morogoro, na naimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri. Kwa miezi kadhaa mshale wa mizani yangu ulikuwa ukianzia gramu 50 kabla sijaweka kitu. Nilijua. Katika kila kilo 20 nilizopima moja moja, kilo nzima ya wateja ilibaki kwangu, na alfajiri nilipiga magoti kumwomba Mungu anijaze Roho wake. Machozi yangu yalikuwa ya kweli. Mshale haukusogea.

Ukitaka sala na siku yako vikutane, anza na jambo moja, tena dogo. "Bwana, nitakase" ni sala njema, lakini Jumatatu saa mbili asubuhi unahitaji kujua ufanye nini. Tafuta mahali ambapo mkono au mdomo wako hukosea kila siku. Mwalimu anaweza kuandika, "Sitamwita mtoto mjinga." Kondakta: "Sitapandisha nauli kwa sababu ya mvua." Mimi niliandika, "Mshale uanzie sifuri." Kama jioni huwezi kusema umelitimiza au hukulitimiza, jambo lako bado ni pana. Lipunguze.

Kisha lipeleke neno pale kosa linapotokea. Biblia yangu ilikuwa nyumbani, mizani iko sokoni. Nikachukua kipande cha boksi, nikaandika Mithali 11:1: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Nikakibandika upande wangu wa mizani, ninakotazama mimi. Na kama kuna chombo kibovu, kitengeneze. Nilipeleka mizani kwa fundi, halafu Wakala wa Vipimo wakaihakiki.

Sasa kurudisha. Hapa ndipo wengi tunaponyamaza, nami nilinyamaza wiki tatu. Bibi yangu alikuwa Mhaya, na alisimulia uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulivyofika kwao: watu walirudisha majembe waliyoiba, wakalipa na madeni yaliyosahauliwa. Waliita kutembea nuruni. Zakayo naye, yule mtoza ushuru wa Luka 19:8, hakuishia kusema amebadilika. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu.

Fungua daftari lako la mikopo, au kumbukumbu yako, uorodheshe unaowajua. Nenda peke yako, nenda na kitu mkononi, sema kwa kifupi. Usieleze ugumu wa biashara wala ada za watoto. Mimi nilisema, "Mama, mizani yangu ilikuwa inapunja, na nilijua. Maharage haya ni ya kwako." Mmoja alinishika mikono tukalia wote. Mwingine alipokea, akaondoka, na tangu siku ile hununua kwa jirani yangu. Ana haki hiyo, usimfuate kumbembeleza. Kwa wateja nisiowajua nilitoa gunia moja kwa wajane wa jumuiya yetu. Na tafadhali, usisimame kutoa ushuhuda kanisani kabla hujamaliza kulipa.

Mweleze mtu mmoja tu, asiyekuogopa. Wangu ni mama mmoja wa jumuiya, na kila Alhamisi huniuliza neno moja: "Mshale?" Namjibu mbele ya Mungu.

Jioni, kabla hujahesabu fedha, kaa dakika mbili. Jiulize: leo nimelitimiza? Nimeteleza wapi? Kuna mtu wa kumwendea kabla sijalala? Ukiona umeteleza, mpigie simu mhusika usiku huohuo. Ukisubiri ibada ya Jumapili, utakuwa umeshajitetea moyoni mara kumi.

Jambo likishakuwa desturi, badilisha maandishi. Kwangu mizani ilichukua wiki kumi na moja. Sasa boksi langu lina Kumbukumbu la Torati 24:15, linaloagiza kibarua alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijazama, kwa ajili ya kijana anayenibebea magunia. Nilizoea kumwambia, "Njoo kesho, chenji haipo." Siku hizi nikifika asubuhi natenga ujira wake kwanza, naufunga kwenye pindo la khanga, na jua halijazama anakuwa ameshaushika.