Namna ya kung'atuka ukiwa bosi wa timu ya taifa ya baiskeli na timu bado inashinda

Kuondoka timu ikiwa inapigwa ni rahisi, wala hauhitaji mwongozo, watakuondoa wenyewe. Kasheshe ni pale medali zinaingia, kila mtu anakwambia bosi baki kidogo, na wewe moyoni unajiambia nikitoka hapa hii nyumba inaanguka. Mfano nitakaoutumia ni Dave Brailsford wa Uingereza, sio kwa sababu alifanya kila kitu sawa, hapana, ila kwa sababu yaliyomwendea vizuri na yaliyoharibika baadaye yote yanaonekana.

Kwa ambao hawamkumbuki, huyu ndiye alikuwa bosi wa timu ya taifa pale British Cycling, chama cha baiskeli cha Uingereza, kiti alikipokea 2003 kutoka kwa Peter Keen. Olimpiki ya Beijing 2008 waingereza wakabeba dhahabu 8 za baiskeli, London 2012 wakabeba 8 tena. Katikati ya hayo akaanzisha Team Sky, timu ya kulipwa ya mbio za barabarani, Bradley Wiggins akachukua Tour de France 2012, mwaka uliofuata akaichukua Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi. Halafu Aprili 2014 jamaa akasema kwa timu ya taifa basi, nabaki na Team Sky tu.

Sasa la kwanza ni muda, na hapa wala usiende mbali, angalia zile mbio za kufukuzana kwa timu kwenye velodromu, ule uwanja wa baiskeli wenye njia iliyoinama. Wako wanne kwenye mstari, wa mbele anakula upepo wote, akishavuta zamu yake anapanda juu kwenye ule mteremko wa uwanja, wenzake wanapita chini, yeye anashuka anashika mkia. Mzuri anatoka mbele akiwa bado na mguu. Yule anayeng'ang'ania mpaka miguu inakufa anapunguza mwendo wa wote wanne, na akija kutoka hata mkia anaukosa, anaachwa. Kwa hiyo hesabu kwa mzunguko wa Olimpiki, miaka 4. Brailsford alitoka ikiwa imebaki miaka miwili na miezi kadhaa kabla ya Olimpiki ya Rio 2016, na mimi naona hapo ndio mwisho kabisa, ukichelewa zaidi unamwachia mwenzio mtihani ambao hakuusomea. Wapo watakaosema umekimbia, maana wiki chache kabla timu ilikuwa Cali kule Kolombia kwenye mashindano ya dunia, medali 5, dhahabu 2 na zote za akina dada, wanaume mikono mitupu. Waache waseme. Ukisubiri siku ambayo hakuna wa kusema hutatoka.

Sababu iseme ilivyo, tena fupi. Yeye alieleza kwamba kazi ile inataka mtu ajitoe wote na asingeweza kuendelea nayo kwa kiwango anachokidai mwenyewe, basi. Ukianza kurefusha mara familia mara changamoto mpya, watu wataanza kutafuta kilichojificha hata kama hakipo. Na kama unashika viti viwili kama yeye, chagua mapema, kwa sababu mchezaji anajua siku ambazo mwili wako uko hapa na simu yako iko Ufaransa.

Haya, mrithi. Hapa ndipo wengi wanaharibu na ndipo ningekushauri ukae sana. Kishawishi ni kumwachia mkono wako wa kulia, anajua kila kitu, wachezaji wamemzoea, hakuna wiki inayopotea. Uingereza walifanya hivyohivyo, programu ikawa chini ya Shane Sutton, muaustralia, kocha wa siku nyingi, aliyekuwa karibu na Brailsford miaka yote ile. Lakini msaidizi mkali anakuwa mkali salama kwa sababu juu yake kuna mtu wa kupoza maji. Ukimtoa yule wa juu, ukali unabaki peke yake. Aprili 2016, Rio ikiwa imebaki kama miezi mitatu na ushee, Sutton akajiuzulu kufuatia tuhuma za lugha ya kibaguzi, ambazo alizikanusha, na 2017 ikatoka ripoti huru iliyokosoa vikali namna programu nzima ilivyokuwa ikiongozwa, na sio ya baada ya 2014 tu. Yaani kabla hujauliza nani anaweza kazi yangu, jiulize mimi nilikuwa nazuia nini kisitokee, kisha uliza wachezaji wa kike, makanika, mtu wa masaji, wale ambao kwenye mikutano hawaongei. Kama kuna uchafu usafishe wewe kabla ya kutoka, usimwachie mgeni.

Na bado Rio walipata dhahabu 6. Timu iliyojengwa vizuri haifi siku bosi anatoka, hata bosi akitaka ife ili asifiwe.

Makabidhiano yenyewe, andika. Sio ripoti ya kurasa mia ya maneno makubwa, nasema daftari, kila mchezaji ukurasa wake, siti yake iko urefu gani kwa milimita, gia anayopenda, goti lililowahi kumsumbua, nani asiongeleshwe saa moja kabla ya mbio. Vitu vidogo ndio vilikuwa mtaji wa Brailsford, walikuwa wanapaka sakafu ya lori la makanika rangi nyeupe ili vumbi lionekane kabla halijaingia kwenye baiskeli. Kitu kama hicho usipoandika kwa nini kinafanyika, atakuja mtu aone ni ushamba akiache. Nimewahi kumwona kocha aliyeagwa vizuri ijumaa, keki na picha, jumatatu makanika wamesimama nje kwa sababu funguo za stoo ziko mfukoni kwake na yeye yuko safarini.

Wachezaji waambie wewe mwenyewe, siku hiyohiyo, kabla waandishi hawajajua, na mrithi awe amesimama pembeni yako na sio jina kwenye karatasi.

Ukishatoka, shika mkia au toka uwanjani kabisa. Kupita pita pembeni ya velodromu na kujifanya unasalimia ni kumvuta mwenzio shati, wachezaji watakuangalia wewe badala ya yeye. Simu pokea akipiga yeye, jibu ulichoulizwa, kata. Na siku ukipita ukaona lile lori sakafu yake imepakwa kijivu, nyamaza.