Seva za akiba: kuipa klasta ya Kubernetes nodi zilizokwisha kupasha misuli

Podi 14 (vipande vya programu ambavyo Kubernetes huviendesha kwenye seva za klasta, yaani nodi) zilikuwa zimeganda kwenye `Pending`, hazina nodi ya kukaa, watumiaji wanamiminika, nami nimekodolea macho `kubectl get nodes -w` kama mvuvi anayetazama kielea. Nodi mpya ilijitokeza baada ya dakika nne na ushee. Hata hapo podi hazikuamka: zilianza kuvuta imeji (furushi la programu na mahitaji yake yote) ya gigabaiti tatu. Zilipokuwa tayari, wimbi la wateja lilikuwa limeshapungua, na grafu ya makosa imepanda kama mnazi.

Nilichofanya baadaye ndicho ninachokueleza hapa. Lakini usianze na dawa, anza kwa kupima. Cluster Autoscaler, programu inayoongeza nodi podi zikikosa nafasi, yenyewe ni nadra kuwa mchawi. Kwa mpangilio wa kawaida hukagua podi zilizokwama kila baada ya sekunde 10. Endesha `kubectl get events --sort-by=.lastTimestamp`, utafute `TriggeredScaleUp`, kisha `Pulled`, ambayo huandika kabisa imeji imevutwa kwa sekunde ngapi. Ingia kwenye nodi changa uendeshe `cloud-init analyze blame`, ikuonyeshe kila hatua ya maandalizi ya seva ilikula muda gani. Kwangu, muda mwingi ulikuwa umeliwa na mambo mawili: skripti ya kwanza iliyosakinisha vifurushi, na imeji. Yote mawili hayana haja ya kusubiri wateja waje.

Hapo ndipo zinapoingia seva za akiba. Mchezaji wa akiba hatoki nyumbani kocha anapomwita. Yuko pembeni ya uwanja, jezi ameshavaa, misuli ameshapasha. Kwenye AWS, wingu la Amazon, kipengele hiki kinaitwa Warm Pools, na kimekuwepo tangu 2021. Kundi la Auto Scaling (kundi la seva ambalo AWS huongeza na kupunguza idadi yake) huwasha seva mapema, huiacha imalize maandalizi, kisha huizima na kuiweka kando. Idadi inayotakiwa ikipanda, kundi huchukua iliyozimwa na kuiwasha badala ya kuunda mpya. Cluster Autoscaler haihitaji kuambiwa lolote, kwa sababu kazi yake ni kupandisha idadi tu; seva inatoka wapi ni shauri la kundi. Kama unatumia Karpenter, kiongeza nodi kingine, ishia hapa: yenyewe haipiti kwenye makundi hayo. Njia yako ni podi tupu za `pause` zenye kipaumbele cha chini, zinazoshikilia nafasi na kufukuzwa podi za kweli zikija.

Amri ni fupi mno:

```
aws autoscaling put-warm-pool \
  --auto-scaling-group-name wafanyakazi \
  --pool-state Stopped \
  --min-size 3 \
  --max-group-prepared-capacity 10
```

Usiuache mstari wa mwisho. Bila huo, akiba hujazwa hadi kufikia kikomo cha juu cha kundi. Kundi letu lilikuwa na kikomo cha 40 na lilikuwa linatumia seva 6. Hesabu mwenyewe ni ngapi zingekaa benchi. Seva iliyozimwa hailipiwi uchakataji, kweli, ila diski yake ya EBS inalipiwa kila saa inayopita. Tena inaendelea kushikilia anwani yake ya ndani ya IP, kwa hiyo kama subnet yako (kipande cha mtandao ambamo seva zinakaa) ina anwani za kuhesabika, zitakwisha kabla hujajua zimekwenda wapi. Ipo pia hali ya `Hibernated`, inayohifadhi yaliyomo kwenye RAM, na `Running`, ambayo ni kulipia seva nzima ikae tu. Kwa nodi za Kubernetes mimi nabaki na `Stopped`.

Sasa kazi yenyewe. Skripti yako ya kuandaa nodi, ambayo leo ni kipande kimoja, lazima uikate vipande viwili: yanayofanyika benchi na yanayofanyika uwanjani. Benchi: sakinisha vifurushi, vuta imeji, rekebisha kerneli. Uwanjani: washa `kubelet` (wakala wa Kubernetes kwenye kila nodi), jiunge na klasta. Usichanganye. Mimi nilichanganya siku ya kwanza. Seva ya akiba ikajiunga na klasta wakati inapasha misuli, mpangaji wa kazi akaona nodi mpya yenye nafasi, akaipa podi tano, na dakika iliyofuata kundi likaizima. Mwenzangu aliniuliza, "Kaka, hii nodi ni `Ready` au `NotReady`? Maana kila nikitazama imebadilika." Nikakosa jibu.

Seva itajuaje iko wapi? Iulize metadata yake, yaani taarifa ambazo AWS huipa kila seva kujihusu:

```
#!/bin/bash
A=http://169.254.169.254/latest
T=$(curl -s -X PUT $A/api/token \
  -H "X-aws-ec2-metadata-token-ttl-seconds: 300")
HALI=$(curl -s -H "X-aws-ec2-metadata-token: $T" \
  $A/meta-data/autoscaling/target-lifecycle-state)

if [ "$HALI" = "InService" ]; then
  /opt/nodi/ingia-klasta.sh
else
  /opt/nodi/pasha.sh
fi
/opt/nodi/toa-taarifa.sh
```

Seva inayoelekea benchi itajibiwa `Warmed:Stopped`. Inayoitwa uwanjani, `InService`. Skripti hii usiitie kwenye user data (skripti unayoipa seva unapoiunda) peke yake, kwa kuwa cloud-init kwa kawaida huendesha user data mara ya kwanza tu seva inapowaka. Ifanye huduma ya systemd inayoendeshwa kila seva inapowaka, na `kubelet` yenyewe iondoe kwenye orodha ya vinavyojiwasha (`systemctl disable kubelet`). Hakikisha `ingia-klasta.sh` inaweza kurudiwa bila madhara, maana nodi iliyo kazini ikizimwa na kuwashwa itaipitia tena.

Mstari wa mwisho wa skripti, `toa-taarifa.sh`, ndio ulionitoa jasho. Ukitaka kundi lisizime seva kabla `pasha.sh` haijamaliza, unaweka kituo cha kusubiri kwa `put-lifecycle-hook`, na seva inapomaliza inaita `complete-lifecycle-action` ikiwa na jibu la `CONTINUE`. Kituo hicho hupitiwa mara mbili: seva ikiingia benchi, na ikitoka benchi kwenda kazini. Mimi niliandika taarifa ya mara ya kwanza, ya pili nikaisahau. Kila kitu kilionekana shwari. Nodi iliwaka, ikajiunga, ikapokea podi, nikajipongeza. Baada ya saa moja kamili ikafa, bila logi ya maana. Ikaja nyingine, nayo ikafa baada ya saa moja. Kumbe muda wa kusubiri ni sekunde 3600 usipoubadilisha, na usipotoa taarifa jibu linalochukuliwa ni `ABANDON`, yaani ondoa seva. Machoni pa Kubernetes nodi ilikuwa kazini. Machoni pa kundi ilikuwa bado mlangoni inasubiri.

Ndani ya `pasha.sh` kuna mtego mwingine, mdogo lakini mchungu. Ukivuta imeji kwa `ctr images pull`, itashuka vizuri, diski itajaa, halafu `kubelet` itaivuta upya kana kwamba haipo. Containerd, inayoendesha kontena kwenye nodi, hutenga vitu kwa majina ya eneo, na Kubernetes hutazama eneo la `k8s.io` pekee. Andika `ctr -n k8s.io images pull`, au tumia `crictl pull` ambayo huenda huko yenyewe. Orodha ya imeji iwe fupi: ile nzito ya programu yako, na zile za DaemonSet ambazo kila nodi lazima iwe nazo. Ukijaza diski kupita asilimia 85, `kubelet` ikiwaka itaanza kufuta imeji zisizotumika, na ulizozivuta kwa jasho ndizo za kwanza kutupwa.

Kama klasta umeijenga kwa kubeadm, usihifadhi tokeni ya kujiunga ndani ya seva wakati wa kupasha. Tokeni hizo huishi saa 24 usipoongeza muda, na seva inaweza kukaa benchi wiki nzima. `ingia-klasta.sh` ichukue tokeni mbichi pale inapoihitaji. Watumiaji wa kOps, zana nyingine ya kujenga klasta, wana nafuu: humo unaandika sehemu ya `warmPool` kwenye InstanceGroup na mengi ya haya unafanyiwa.

Akiba huchacha pia. Ukitoa toleo jipya la programu, seva zilizoko benchi bado zimebeba la zamani. Zitafanya kazi, ila zitavuta tabaka zilizobadilika. Sisi huendesha instance refresh kila toleo kubwa, na hiyo hubadilisha za benchi pamoja na zilizo kazini. Kuzirudisha benchi nodi zilizokwisha kutumika inawezekana, kwa `ReuseOnScaleIn`, lakini sijaipenda. Nodi inarudi na logi zake, imeji kuukuu, na cheti cha nodi iliyokwisha kufutwa.

Kujaribu, usisubiri wateja. Tengeneza Deployment ya podi za `pause` zinazoomba CPU nyingi, ipandishe hadi nodi zijae, huku dirisha la pili likiendesha `aws autoscaling describe-warm-pool`. Utaona seva moja ikitoka kwenye orodha ya akiba, halafu nodi ikitokea kwenye klasta, halafu seva mpya ikianza kuandaliwa kujaza pengo. Mara ya kwanza nilipoiona ikifanya hivyo, nodi ilikuwa `Ready` kabla sijamaliza kuandika ujumbe wa kumwambia mwenzangu aje atazame.